Unataka kufufua Land Cruiser? Anza na kadi, spana baadaye

Mafundi wa Arusha hawana tatizo na chuma. Wapelekee Land Cruiser lenye bodi iliyoliwa na kutu na injini iliyokwisha, na baada ya miezi kadhaa wanakutolea gari la utalii: limerefushwa, paa linanyanyuka, viti vinatazama simba. Shida huja siku ya kuliingiza barabarani, pale mwenye gari anapotoa kadi ya usajili inayoeleza gari lingine kabisa, pikapu nyeupe ya watu watatu, yenye injini ambayo bloku lake lilishauzwa kwa kilo.

Nimefufua mawili. La kwanza nilianza na spana. Bodi ilipokamilika ndipo nikagundua jina lililo kwenye kadi ni la marehemu, na aliyeniuzia alikuwa mnunuzi wa tatu ambaye hakuwahi kuhamisha umiliki. Gari lilikaa gereji miezi minne likipigwa vumbi, mimi nikizunguka kumtafuta msimamizi wa mirathi na kusubiri nyaraka za mahakama. La pili nilianza na karatasi. Ninayoyaandika hapa ni ya lile la pili.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, omba kadi halisi, siyo picha ya WhatsApp. Soma jina la mmiliki, kisha mwombe muuzaji kitambulisho. Majina yakipishana, pawepo mnyororo wa mikataba ya mauziano kutoka kwa mwenye kadi hadi kwake, au barua ya usimamizi wa mirathi kama mwenyewe hayupo tena. Kadi ikiwa imepotea, mwenye jina ndiye wa kwenda polisi kuchukua taarifa ya kupotelewa na kuomba nyingine TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Usikubali ile ya "wewe chukua tu, tutamalizana". Nenda naye TRA mkahakiki kama gari lina deni au zuio, na wewe uwe na TIN yako, namba ya mlipakodi, tayari, maana bila TIN hakuna kadi itakayotoka kwa jina lako.

Land Cruiser kuukuu nyingi zinatoka minadani, na hapo kuna mtego wake. Gari lililokuwa na namba za serikali za ST, za mashirika ya umma za SU, au za miradi ya wafadhili za DFP, halina kadi ya kawaida ya kurithi. Lazima lisajiliwe upya kwa namba za T, zile za magari ya kawaida, na karatasi za mnada ndizo cheti chake cha kuzaliwa. La DFP liangalie mara mbili: liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo hauhami pamoja na gari. Uliza nani analipa ushuru, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Vivyo hivyo kwa lenye namba za Zanzibar zinazoanza na Z. Kulivusha tu kwa boti hakulifanyi la Bara. Waulize TRA kwanza kama kuna tofauti ya kodi ya kulipa.

Sasa tuje kwenye namba ya chasisi, na hapa naomba tusikimbie.

Kwa polisi na TRA, gari ni namba ile. Injini hubadilishwa, bodi huvuliwa, gia boksi huhama, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo inayosema hili ni gari lipi. Kwenye Land Cruiser za toleo la 70 (70 Series) iko kwenye mhimili wa kulia wa chasisi, mbele, karibu na gurudumu. Chukua brashi ya waya, mafuta ya taa na kitambaa. Sugua tope, futa, kisha paka chaki nyeupe juu ya namba na ufute kidogo kwa kidole. Chaki inabaki kwenye mifereji na namba inajitokeza kama imeandikwa jana. Weka karatasi juu yake upitishe penseli kwa ubapa. Unapata nakala yenye umbo halisi la kila herufi, ambayo ni nzuri kuliko picha. Linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba ya tarakimu 17 haina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona "O" kwenye kadi, ujue aliyeiandika alikosea sifuri, na hilo lirekebishwe sasa. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati. Hiyo ni halali, usishtuke.

Kinachotakiwa kukushtua ni chuma chembamba au laini kupita kiasi pale kwenye namba, mstari wa kuchomelea unaoizunguka kama fremu ya picha, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja. Kuna watu wanadhani grinda inafuta namba. Haifuti yote. Nyundo ya kiwandani hukandamiza chuma hadi chini ya tarakimu yenyewe, na mtaalamu wa polisi akipaka tindikali, sehemu iliyokandamizwa inaliwa tofauti na chuma kingine, na namba ya zamani inajitokeza. Ukikutwa na gari la namna hiyo, maelezo kwamba umeuziwa hayakutoi kituoni siku hiyo.

Na fundi wako mpe onyo mapema: asipitishe grinda wala msasa pale, asichomelee bamba juu yake, asijaze rangi nzito. Kurefusha chasisi hufanyika katikati, nyuma ya kabini ya dereva, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuigusa. Shida ni pale chasisi yote imeoza na fundi anakwambia ana nyingine nzuri uani. Hiyo nyingine ina namba yake, pengine na kadi yake, pengine na kesi yake. Ukiifunga kwenye gari lako, kisheria umenunua gari lile na kuliwekea spea zako. Kama hakuna namna, chasisi ije na kadi yake na mkataba, na uwaone TRA na mkaguzi wa trafiki kabla ya kuhamisha bodi. Kamwe usimruhusu mtu agonge namba ya zamani kwenye chuma kipya. Hilo ni kosa la jinai, hata kama magari yote mawili ni yako.

Mizani hii si ya kwetu tu. Uingereza kwa miaka mingi ilipima gari lililojengwa upya kwa pointi: chasisi 5, springi 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2, injini 1 tu. Gari lilihitaji pointi 8 ili libaki na utambulisho wake. Tazama injini ilivyodharauliwa pale.

Ila usiidharau kwenye kadi, kwa sababu namba yake imeandikwa humo. Mabadiliko yanayopendwa ni kutoa injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, isiyo na turbo, na kuweka 1HD-FTE yenye turbo. Ujazo ni uleule, 4,164 cc, na mtu hujidanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Namba imebadilika. Unaponunua injini dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako, na namba ya injini iandikwe juu yake. "Injini moja ya Toyota" haithibitishi chochote. Kama imetoka kwenye gari lililokuwa barabarani hapa nchini, ongeza mkataba na nakala ya kadi ya gari hilo. Kipande cha gari kilichokatwa Japani kiliingia bandarini kama spea, kwa hiyo kinakupa injini na dashibodi, hakikupi gari la pili la kusajili.

Mengine ni mepesi lakini yanasahaulika: rangi, aina ya bodi, idadi ya viti, uzito, matumizi. Pikapu ikigeuka gari la watalii, yote matano yamebadilika kwa mpigo. Lipime kwenye mizani likiwa tupu baada ya kazi, kwa sababu paa na viti vina kilo zake. Matumizi yakitoka binafsi kwenda biashara, kibao cha njano nacho kinakuwa cheupe, na ukiomba leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, kadi yako itasomwa neno kwa neno. Ni afadhali upeleke mabadiliko yote kwa ombi moja, baada ya mkaguzi wa trafiki kuliona gari, kuliko kurudi dirishani mara tano.

Kama gari lilipata ajali na lina bima, hakikisha faili limefungwa: taarifa za polisi za PF 90, PF 93 na PF 115 zipo, na kampuni imekuandikia kwamba mabaki ni yako. Bima mpya ikatwe kwa maelezo ya gari lilivyo sasa. Na kabla ya bima, usiliendeshe kwenda kwenye ukaguzi. Lipakie au livute.

Wapo wanaotaka kujenga gari zima kuanzia mabomba, hasa tangu mchora katuni Masoud Kipanya aonyeshe gari lake la umeme mwaka 2022. Hao wana njia ndefu zaidi, kwa kuwa chuma chao hakina namba ya kiwanda chochote. Andika barua TRA, TBS (Shirika la Viwango) na polisi wa usalama barabarani ukiwa na michoro tu mkononi, usubiri majibu ya maandishi, na tunza risiti ya kila kipande pamoja na picha za kila hatua.

Siku ya ukaguzi beba kadi halisi, mikataba, risiti, ile karatasi ya penseli, na nakala mbili za kila kimoja. Beba na tochi, brashi ya waya na kitambaa. Gari likitoka gereji limepita kwenye tope, na mkaguzi akiinama pale mbele kulia asione kitu, atakwambia urudi kesho.