Kujaza mafuta ndege ndogo hatua kwa hatua, na kwa nini ukikatizwa unarudi mwanzo

Kila kijana anayeanza kazi ya boza, yaani gari la tangi linalojaza ndege mafuta, pale kiwanja cha ndege cha Kisauni, Zanzibar, huniuliza swali lile lile: kwani haya si mafuta ya taa tu? Nyumbani tumekua na stovu na kibatari, mama anamimina mafuta huku anazungumza na jirani, na hakuna aliyeungua. Si mjinga anayeuliza hivyo. Jet A-1, mafuta ya ndege za injini za turbini, ni ya ukoo mmoja na mafuta ya taa, na viwango vyake vinataka isitoe mvuke wa kushika moto kabla ya kufika nyuzi 38 za Selsiasi. Sasa vua viatu mwezi wa Februari, saa nane mchana, usimame juu ya lami ya maegesho ya ndege. Utaruka mwenyewe. Lami hiyo imeshazipita nyuzi 38 zamani, na mafuta yakimwagika pale si yale ya stovu tena. Avgas, petroli ya ndege inayotumiwa na zile za injini za pistoni, ni kali zaidi, kwani mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya barafu.

Ninayoyaeleza hapa ni ya ndege ndogo zinazojazwa juu ya bawa, mfano Cessna Caravan inayokwenda Pemba na kurudi. Kitabu cha kazi cha kampuni yako na masharti ya kiwanja ndiyo yanayotawala. Mimi nakuandaa tu.

Hatua ya 1: Sampuli ya asubuhi

Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini ya tangi. Na sisi huku unyevu ndio maisha yetu: masika, vuli, na lile jasho la usiku ndani ya tangi lililobaki nusu. Fungua koki ya chini, kinga kwenye chupa safi ya kioo, kisha izungushe mpaka mafuta yafanye kizingia. Maji na taka vitakusanyika katikati. Jet A-1 njema haina rangi, au ina unjano hafifu wa majani makavu, na Avgas 100LL ni ya buluu. Halafu tumia kidonge cha kupimia maji, maana jicho peke yake hudanganyika. Baada ya mvua kubwa, rudia. Maji yakiachwa humo huotesha ukungu, uteleziteleza mweusi unaoziba machujio.

Hatua ya 2: Aina ya mafuta

Soma kibandiko kilicho karibu na mdomo wa tangi: chekundu ni Avgas, cheusi ni Jet. Usikisie kwa umbo la ndege. Caravan ina propela moja mbele, na mgeni huidhani ya petroli, kumbe inatumia Jet A-1. Kosa la upande wa pili ndilo linaloua. Ndege ya pistoni iliyotiwa Jet A-1, injini yake huwaka vizuri, nayo hutembea hadi njia ya kurukia kwa Avgas iliyobaki mirijani, kisha injini hufa ikiwa imeshapaa na chini ni bahari. Ndiyo maana nozeli ya Jet, ule mdomo wa mpira wa kujazia, hutengenezwa pana, isiingie kwenye tundu la Avgas. Ukiona mtu anaibadilisha kwa nozeli nyembamba "ili ienee", simama umuulize kwanza.

Hatua ya 3: Kiasi, na kwa kipimo gani

Rubani akikwambia "mia tano", muulize: mia tano nini? Ratili 500 za Jet A-1 ni kama lita 287 hivi. Lita 500 ni zaidi ya ratili 870. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilichanganya ratili na kilo, na wakaitua bila injini kule Gimli, Canada. Andika kiasi, msomee rubani, naye akurudishie kwa mdomo. Mwezi wa Ramadhani, kuanzia alasiri, mimi humwita na mwenzangu asikilize. Nikiwa na saumu saa kumi jioni sijiamini sana, na sioni haya kusema.

Hatua ya 4: Kusogeza boza

Injini ya ndege imezimwa, propela imesimama, choki, yaani vizuizi vya magurudumu, ziko mahali pake. Hapo ndipo unaposogea, polepole. Usirudi nyuma kuelekea ndege bila mtu wa kukuongoza, na egesha boza likitazama njia ya kutokea, njia hiyo ibaki wazi. Ndani ya mita 3 kutoka midomo ya matangi na matundu ya kupumulia hakuna simu, hakuna sigara, hakuna kazi ya kutoa cheche. Mitungi ya kuzimia moto iwe karibu na mkono wako. Abiria washuke. Kwa Avgas hakuna mjadala wa abiria kubaki ndani. Radi ikianza kunguruma karibu, funga kazi, hata rubani akununie.

Hatua ya 5: Waya kwanza

Hapa ndipo roho ya kazi ilipo. Mafuta yanapopita kwenye chujio na mpira yanazalisha umeme tuli, na cheche moja penye mvuke inatosha. Kwa hiyo waya wa boza unabanwa kwenye chuma cha ndege kisicho na rangi kabla ya jambo lolote jingine. Ukishapanda ngazi, unganisha waya wa nozeli na ndege, *halafu* ndipo ufungue kifuniko. Ukifungua kifuniko kwanza, cheche ya kuunganisha itarukia juu ya mdomo ulio wazi, na hapo waya wako umekuwa kiberiti. Vaa pamba, nailoni iache nyumbani.

Hatua ya 6: Kujaza

Nozeli iguse mdomo wa tangi muda wote. Swichi ya kushikilia, ile inayokata mafuta ukiiachia, haifungwi kamba. Nimewahi kuikuta imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na aliyeifunga yuko kivulini anakunywa maji ya dafu.

Yakimwagika: acha kupampu, piga kelele, waite Zimamoto. Usiwashe chochote, hata boza lenyewe, na usiyasukumie mtaroni kwa maji. Nguo ikilowa mafuta, imwagie maji kabla ya kuivua, kwa sababu kuivua kavu nako huzalisha umeme tuli.

Hatua ya 7: Kurudi kinyumenyume

Kifuniko kwanza, kisha waya wa nozeli, mwisho waya wa boza. Kifuniko kisipofungwa sawasawa, mnyonyo wa hewa juu ya bawa utayavuta mafuta nje ndege ikiwa angani.

Siku moja niko juu ya ngazi, mtu akaniita nisaini karatasi. Nikashuka, nikasaini, nikatoa waya, nikapanda kwenye boza. Mkono uko kwenye ufunguo, nikajiuliza: kifuniko cha kulia, nilikizungusha? Sikumbuki. Rubani ameshafunga mkanda, abiria wa Chake Chake wamesimama juani na vikapu vyao. Nikateremka, nikabana waya upya kama vile sijagusa kitu, nikapanda. Kifuniko kilikuwa kimekaa mahali pake, kizuri kabisa kwa kukitazama. Nilipokishika kikanyanyuka na vidole viwili.

Tangu siku hiyo nikiwa juu ya ngazi siitiki. Karatasi inanisubiri chini.