SOMO: Gari imekamatwa dereva akiwa amelewa, jinsi ya kuitoa yadi

Wadau, naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu. Kazi yangu ni kuvuta magari, polisi wakiita tunaenda, tunapakia, tunapeleka yadi. Kila wikiendi ikiisha simu inaanza kulia alfajiri na swali ni lile lile, gari yangu iko wapi na naitoaje. Mambo ya kesi siyagusi, hayo muone wakili. Ila ujue mapema kwamba kesi na gari vinatembea njia mbili: kesi inaweza kuvuta miezi na gari ikatoka kesho, na unaweza kushinda kesi na bado ukadaiwa hela ya yadi. Viwango na majina ya fomu kila nchi ina vyake, mpangilio ndo haubadiliki sana.

Hatua ya 1. Pigia simu kituo kilichokukamata, usizunguke yadi moja moja. Uwe na namba ya gari mkononi.

Hatua ya 2. Uliza hivi: "Gari imezuiliwa au imehifadhiwa tu?" Imehifadhiwa tu maana yake iliondolewa barabarani kwasababu dereva hakuwa na hali ya kuendesha, ukileta karatasi na kulipa unaondoka nayo. Imezuiliwa maana yake kuna amri juu yake, labda kulikuwa na majeruhi kwahiyo gari ni kielelezo, labda leseni ilishafungiwa kabla, labda sheria ya hapo inataka ikae muda fulani kwanza. Hapo hata uje na gunia la hela geti halifunguliwi. Na kama ni kielelezo uliza hizo siku inazolala analipa nani, jibu ulipate kwa maandishi.

Hatua ya 3. Karatasi: kitambulisho, kadi ya gari, bima iliyo hai, leseni ya atakayeendesha. Kadi kama imebaki kwenye dashbodi ya hiyo hiyo gari (ndo kawaida), omba usindikizwe ukaitoe.

Hatua ya 4. Chukua kibali polisi NDIPO uende yadi. Uliza kabisa kama picha ya kwenye simu inakubalika.

Hatua ya 5. Lipa. Kuna ya kuvuta, kuna ya kulaza kwa siku, na mara nyingi kuna ya ofisi. Uliza siku wanaihesabuje, wengine ni masaa 24 tangu gari iingie, wengine ikivuka saa sita usiku tu ni siku mpya. Risiti iwe na mchanganuo.

Hatua ya 6. KAGUA KABLA HUJASAINI. Hapa ndo watu wanaumia na hapa ndo naomba usome taratibu. Ile karatasi ya yadi karibu kila mahali ina mstari unaosema umepokea gari ikiwa salama, na mtu aliyetoka selo hajalala anataka kwenda kuoga tu, anasaini kwenye kaunta gari hajaiona hata taa. Akifika nyumbani anakuta bampa limening'inia, hapo mdomo wake dhidi ya saini yake, na saini ndo inashinda. Kwahiyo sema unataka kuiona gari kwanza. Zunguka pande zote nne unapiga picha, rimu, bampa kwa chini, kioo cha mbele, namba ya kilomita, geji ya mafuta. Chungulia chini kama kuna mafuta yamedondoka. Afu uliza ilivutwaje, na hili wengi hawalijui: gari inayovuta tairi zote nne ikiburutwa mbili zimenyanyuliwa na mbili zinazunguka chini, gia boksi na difu zinaweza kuungua, na automatiki ukiiburuta tairi zinazovuta zikiwa chini ni hivyo hivyo, kwasababu injini imezimwa na pampu ya mafuta ya gia haifanyi kazi. Za umeme ndo kabisa, zinatakiwa kubebwa mgongoni mwa lori maana tairi zikizunguka mota nayo inazunguka. Ukiona kasoro yoyote iandike kwa mkono kwenye karatasi yao hiyo hiyo juu ya saini yako, na nakala ondoka nayo. Wakikukataza kuandika, piga picha ya karatasi na mwite askari au msimamizi wao, usiwashe gari mpaka hilo liishe. Ukishaitoa getini, kudai ni vita.

Hatua ya 7. Aendeshe mtu asiye na pombe, na hapa namaanisha asubuhi pia. Ini linatoa pombe kwa wastani wa kama 0.015 kwa saa (hii ni asilimia ya pombe kwenye damu). Aliyepimwa saa saba usiku akakutwa na 0.18, saa tatu asubuhi bado ana kama 0.06, na nchi nyingi mwisho ni 0.05 au 0.08. Mpaka iishe kabisa ni masaa kama 12. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi. Yadi wakikunusa hawakupi funguo, na wengine wanampigia askari hapo hapo.

MASWALI

Kijana wa Gia: Mkuu gari yangu imekamatwa jana naanzia wapi?

Jibu: Hatua ya 1. Iko juu hapo.

Kijana wa Gia: Sawa ila mimi nina ufunguo wa akiba, siwezi kuingia tu usiku nikaichukua si gari yangu?

Jibu: Gari iliyo mikononi mwa polisi ukiitoa bila kibali unaongeza kosa juu ya kosa. Na yadi zina kamera. Usiniulize tena hili.

Mama Pacha: Kaka samahani, gari ni ya kwangu, jina langu liko kwenye kadi, aliyekamatwa ni mdogo wangu aliazima akaenda nayo harusini. Na mimi naadhibiwa?

Jibu: Dada usiombe samahani, swali zuri. Kutoa gari wewe una nafasi nzuri kuliko yeye, maana wanamtafuta mwenye kadi. Nenda wewe mwenyewe, ukimtuma yeye watamrudisha. Kama imezuiliwa kwa muda, omba kusikilizwa kama mmiliki ambaye hukujua dereva atakunywa. Sehemu nyingi utaratibu huo upo ila una siku za mwisho za kuomba na ni chache, kwahiyo ombi lipeleke leo hata kama karatasi nyingine hazijatimia. Ada ya kulaza lipa huku unalalamika, kwa maandishi. Ukisubiri haki yako itoke kwanza, deni linaendelea kupanda.

Fundi Taratibu: Mimi nauliza tu nijue, kwanini mke hapewi gari usiku ule ule na yeye hajanywa? Naona kama ni kutafuta hela za yadi.

Jibu: Wengine wanapewa, inategemea na sheria ya hapo. Lakini pale walipobana wana sababu. Marekani, jimbo la New Jersey, mwaka 2000 dereva alikamatwa kwa ulevi, rafiki akaja kumchukua kituoni, akamrudisha kwenye gari yake, na usiku ule ule dereva huyo akagonga gari ya afisa kijana wa jeshi la majini anaitwa John Elliott. Wote wawili wakafa. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria, gari ya mlevi inakaa masaa 12. Kwahiyo ukiambiwa rudi kesho sio kila mara ni njaa ya yadi. Njaa nayo ipo, sikatai.

Fundi Taratibu: Hapo nimeelewa. Na gari ya mkopo?

Jibu: Soma mkataba, mingi inakutaka uwaambie gari ikikamatwa. Benki ina haki kwenye gari na yadi wakiona huji wanaweza kuwaandikia. Wengine wanaenda kuitoa wenyewe afu gharama wanakubandika kwenye deni.

Bila Jina: gari yenyewe kimeo, deni la yadi limeshaipita bei, si niitelekeze tu waipige mnada

Jibu: Sehemu nyingi mnada usipofikia deni, kilichobaki kinamfuata mwenye kadi. Ongea nao uisalimishe kwa maandishi mapema ili hesabu ya siku isimame. Kunyamaza ndo gharama.

Mama Pacha: Kaka nimerudi. Dawa za presha za mama zimo ndani ya gari, mpaka nilipe ndo nizipate?

Jibu: Hapana, vitu ambavyo havijafungwa kwenye gari mara nyingi unaruhusiwa kuvitoa hata hujalipa, labda gari iwe kielelezo. Sema dawa kwanza, wengi wanafungua. Redio na spika ni sehemu ya gari, hizo usiguse. Na nenda na nyaya za kuchajia betri, ile gari aliyoazima mdogo wako kama taa za hatari ziliachwa zinawaka haitawaka.

Fundi Taratibu: Niongezee, betri ikiwa imelala usiunganishe waya hasi kwenye betri iliyokufa, ufunge kwenye chuma tupu cha injini mbali na betri, cheche pale juu zinaweza kulipua gesi.

Jibu: Kweli kabisa. Na ikishawaka usiizime getini ukaanza kuagana na watu.

Kijana wa Gia: Wakuu na kama nyama ilikuwa kwenye buti siku nne?

Jibu: Toa zulia lote, osha, anika juani, nyunyizia magadi uache usiku kucha. Hatua ya 1 ulishafanya?

Kijana wa Gia: Ndo napiga simu.