Kuonja divai nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, iliyokomaa wakati wa chakula cha jioni

Chupa yenye miaka 20 na zaidi isimamishe wima siku moja kabla ya chakula, mbili ukiweza. Ndani yake mna mashapo: tanini (kinachotia ukakasi mdomoni) na rangi vilivyoungana kadiri divai inavyozeeka, vikawa vizito, vikazama. Ndiyo maana ukakasi wake umelainika. Ila mashapo yenyewe yakiingia kwenye glasi ni vumbi chungu.

Inywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18 za sentigredi. Ile "joto la chumbani" isikupoteze, ni ya nyumba za mawe za Ulaya. Sebuleni kwenye nyuzi 28 utanusa spiriti tupu, kwa hiyo ipe kama saa moja kwenye friji, bado ikiwa wima.

Kizibo cha zamani hukatika. Kizibuo cha ndimi mbili hukibana pembeni bila kukitoboa, nacho ni bora kuliko cha skrubu. Kisha mimina polepole, bila kusita, kwenye jagi safi la kioo, tochi ikimulika shingo ya chupa kwa chini. Ukiona uzi mweusi unafika shingoni, acha. Fanya hivyo sahani zikiwa njiani: Bordeaux changa huvumilia saa tatu za hewa, ya zamani yaweza kufifia ndani ya saa moja.

Tia mililita 75 tu. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe: ukingo wenye rangi ya tofali ni ukomavu, kahawia tupu kama chai ni uchovu. Nusa kabla ya kuzungusha. Ya Pauillac, eneo la Bordeaux, yenye zabibu za Cabernet Sauvignon kwa wingi, hutoa mwerezi, tumbaku na ncha ya penseli. Ya Pomerol, eneo jingine la huko, ambako zabibu ya Merlot inatawala, huelekea kwenye plamu zilizoiva sana na uyoga. Harufu ya kufungiwa huondoka kwa dakika 10, basi usihukumu mapema. Ya boksi lililolowa haiondoki, hutoka kwenye kizibo, na hapo fungua chupa nyingine.

Onja funda la kwanza kabla ya chakula, ulizungushe hadi kwenye ufizi. Ukakasi uwe mwembamba, na ladha idumu baada ya kumeza. La pili lifuate nyama ya mwanakondoo iliyookwa kwa chumvi na kitunguu saumu kidogo. Pilipili na ndimu ziwekwe mbali. Divai ya umri huu haina nguvu ya kushindana nazo. Wala usiibakize ya kesho.