SOMO: Biblia ndani ya kipindi cha Hisabati bila kukigeuza kuwa ibada

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu.

Wengi wetu tunaofundisha shule za makanisa hufungua kipindi kwa sala na mstari wa Biblia, kisha mstari ule hautajwi tena hadi kengele inalia. Sala tuendelee nayo. Ila kufundisha kwa mtazamo wa Biblia ni kuliacha Neno liseme pale mada inapogusa maisha ya watu. Nitatumia mada moja tu ya shule ya msingi: vipimo vya uzito.

Hatua ya 1: Anza na mtaala. Fungua azimio la kazi, uone umahiri unaotakiwa. Mtoto akitoka darasani hajui kubadili gramu kuwa kilo, hujamtendea haki hata kama ameimba mapambio vizuri.

Hatua ya 2: Tafuta swali lililomo ndani ya mada. Kwenye uzito swali liko wazi: kipimo kikiwa cha uongo, nani anaumia? Hapa Tanzania mfano tunao, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mkulima wa viazi hujaziwa gunia mpaka linashonewa kichwa cha kamba juu, halafu analipwa bei ya gunia moja.

Hatua ya 3: Soma andiko pamoja na mazingira yake. Wengi tunakimbilia Mithali 11:1, mizani ya hadaa. Ni sawa, lakini mimi napenda zaidi Kumbukumbu la Torati 25:13-16, kwa sababu inauonyesha ujanja wenyewe: mtu ana mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Waulize wanafunzi, lipi atanunulia na lipi atauzia? Watajibu haraka, maana sokoni wameshaona kopo la sado lililobonyezwa kitako. Kisha nenda Walawi 19:35-36. Pale Mungu anaagiza mizani ya haki na papo hapo anawakumbusha Israeli kwamba ndiye aliyewatoa Misri. Watu waliokwisha kuonewa wanaambiwa wasimwonee mwingine. Ukichomoa mstari mmoja peke yake, hili linapotea.

Hatua ya 4: Hesabu kwanza, andiko baadaye. Hapa ndipo penye kazi. Andika ubaoni:

*Gunia la viazi limeuzwa Sh 70,000 kama la kilo 100. Lilipopimwa likakutwa na kilo 130. Mkulima amepunjwa kiasi gani?*

Watapata Sh 700 kwa kilo, kisha 30 × 700, yaani Sh 21,000. Usiseme neno. Waache wao wataje fedha hiyo ingenunua nini nyumbani: madaftari, sare, mafuta ya kula. Darasa likishachangamka, ndipo mmoja asome andiko kwa sauti. Ukilisoma mwanzoni watalisikia kama tangazo la asubuhi. Likija baada ya ile Sh 21,000, wanajua linazungumzia nini. Kwa hiyo kwenye andalio la somo liandike sehemu ya uimarishaji, si kwenye utangulizi.

Hatua ya 5: Tathmini. Alama zitoke kwenye hesabu. Imani ya mtoto haisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: *Asante mwalimu. Darasani kwangu nina watoto Waislamu. Nifanyeje?*

Jibu: Wazazi wao wanajua wamewaleta shule ya kanisa, lakini mtoto asilazimishwe kukiri asichokiamini. Kwenye mada hii huenda mmoja akakuambia kwamba Kurani nayo ina Surat Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Mpe nafasi aeleze, na darasa limsikilize kwa heshima. Kama upo shule ya serikali, andiko liache kwenye kipindi cha dini. Hesabu ya lumbesa ifundishe kama ilivyo, haki imo ndani yake.

Swali: *Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Nianzie wapi?*

Jibu: Waamuzi 9. Yothamu anasimulia miti iliyotafuta mfalme: mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mti wa miiba ukakubali. Tashihisi (miti kusema kama watu), takriri (maneno kurudiwarudiwa) na fumbo vyote vimo. Waeleze kwanza jinsi Abimeleki, ndugu yake Yothamu kwa baba, alivyowaua ndugu zake ili awe mfalme, kisha waulize kwa nini Yothamu alisema kwa mafumbo, tena akiwa juu ya mlima.

Swali: *Mkuu wetu wa shule anataka andiko kwenye kila andalio. Zipo mada sioni linapoingia.*

Jibu: Usilazimishe. Nimeona mstari wa Utatu Mtakatifu ukibandikwa kwenye pembetatu. Watoto walitoka hawajaelewa pembetatu wala Utatu. Mwombe mkuu mkae na azimio la muhula mzima, mchague mada chache zenye swali la kweli mzifanye vizuri. Nenda na andalio moja lililokamilika mkononi, aone kazi yenyewe.