Namna ya kumsikiliza mtu aliyekuja na shida: hatua ninazowafundisha wapya hapa Bukavu

Wiki mbili zilizopita nilikaa pembeni ya binti anayeanza kazi kwenye nyumba ya kusikilizia ya mtaa wetu, pale watu wanapokuja kueleza shida zao, huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Amesoma saikolojia kwa Kifaransa, na amesoma vizuri. Mama wa kwanza alipoingia, binti alifungua fishi, ile karatasi ya kujaza habari za mtu, akaanza: jina, umri, ndoa, watoto wangapi, tukio lilitokea lini. Mama alijibu yote. Dakika 20 zikapita, fishi ikajaa, mama akaaga. Hakuna kati yetu aliyejua ni nini kilichomtoa nyumbani asubuhi ile, kwenye matope yale. Jioni binti, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia: "Yaya, niandikie namna unavyofanya wewe." Nimemwandikia. Naweka hapa pia kwa wauguzi, walimu, wachungaji na wote ambao watu wanawajia na mizigo yao.

Hatua ya 1: Mahali

Viti viwili vya urefu mmoja, vimegeuzwa kidogo ili mtu aweze kutazama pembeni bila kuonekana anakukwepa. Meza isikae katikati yenu. Saa ya ukutani itundikwe nyuma ya mgeni, juu ya kichwa chake. Ukitazama saa ya mkononi hata mara moja, ameshaona unataka aondoke. Telefoni izimwe kabisa.

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na kwa ajili ya mteremko dirisha lako liko sawasawa na ua wa jirani. Kwa hiyo jaribu hivi: mwenzako aketi ndani aongee kwa sauti ya kawaida, wewe toka usimame pale watu wanapongojea. Ukishika hata neno moja, hamisha viti. Mvua ikipiga mabati, walio nje hawasikii, lakini na wewe husikii, na mgeni atalazimika kupaza sauti kusema jambo ambalo hajalisema hata kwa kunong'ona. Mimi nasema, "Mama, tungoje ipite," tunakunywa chai. Wengi huanza kulisema jambo lenyewe wakiwa na kikombe mkononi.

Hatua ya 2: Siri na mipaka yake

Iseme kabla hajaanza kueleza. Maneno yangu ni haya, unaweza kuyachukua: "Mama, yale utaniambia yanabaki kati yetu. Kuna mambo matatu tu siwezi kuyanyamazia: kama unataka kujiua, kama kuna mtu maisha yake iko hatarini, ao kama kuna mtoto anaumizwa. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia wewe kwanza." Usiahidi siri isiyo na mpaka.

Hatua ya 3: Swali la kufungua

"Nini imekuleta leo, mama?" Kisha nyamaza. Fishi itajazwa mwishoni, na nusu ya majibu utakuwa umeshayasikia bila kuuliza.

Neno moja nimelifuta kinywani mwangu kabisa: "kwa nini". Kwetu "kwa nini" ni neno la mzazi anayemkaripia mtoto. "Kwa nini ulipita njia ile?" "Kwa nini haukusema mapema?" Mtu aliyeumizwa ameshajiuliza hayo usiku kucha, na familia imeshamuuliza. Sema "Ilikuwa namna gani?" au "Nini ilitokea mbele ya pale?" Utapata jibu lile lile, na hatajitetea mbele yako.

Hatua ya 4: Mrudishie neno lake

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hatua hii ilinigharimu mikutano mitatu na mama mmoja, karibu saa tano zote pamoja. (Nimegeuza mambo kadhaa ili asitambulike.)

Alikuwa mjane. Siku ya kwanza alisema: "Nimekuwa kama nyumba bila mlango." Mimi, kichwa kimejaa maneno ya darasani, nilitafsiri palepale: hajisikii salama. Nikamwambia, "Unajisikia hauko salama." Akajibu, "Ndiyo." Nikafurahi. Mikutano miwili iliyofuata tukaongea juu ya usalama: kufuli, jirani wa kumwita usiku, njia ya kurudi sokoni. Kila nilichosema alijibu "ndiyo, mama", na kila alipokuja uso ulikuwa ule ule.

Mwenzangu mmoja mzee, aliyeifanya kazi hii kabla yangu, aliniuliza jioni: "Mlango alisema ni wa nini?" Sikuwa na jibu. Mara ya nne nilimwambia mama yule, taratibu, "Ulisema umekuwa kama nyumba bila mlango." Nikanyamaza. Akatazama mikono yake kwa muda, akaanza. Hakuwa anaogopa wezi. Tangu mume wake afe, kila mtu anaingia kwake bila kubisha hodi: mashemeji wanaamua shamba liuzwe, wamama wa kanisa wanaamua avae nini, mama mkwe anaamua watoto walale wapi. Hakuna anayemuuliza. Hata mimi nilikuwa nimeingia bila kubisha hodi, nikamwamulia shida yake ni kufuli.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 juu ya masharti ya msaada wa kweli: msaidizi awe mkweli, amkubali mtu bila masharti, amwelewe kutoka ndani ya dunia yake. Hayo tunayakariri sote. Sharti la mwisho ndilo tunalolipita mbio: mwenyewe lazima aone, walau kidogo, kwamba amekubaliwa na ameeleweka. Ukielewa kimoyomoyo haimsaidii kitu. Kumrudishia neno lake ndiyo njia ninayoijua mimi ya kumwonyesha.

Sasa tahadhari, na ni nyingi.

Kwanza, sauti. Katika Kiswahili "Roho imechoka" na "Roho imechoka?" ni maneno yaleyale, sauti tu ndiyo inayotofautisha. Ukiipandisha mwishoni umekuwa unauliza, na kwa mtu mwenye hofu umekuwa unashuku. Ishushe, kama mtu anayeweka ndoo chini polepole. Hili lifanyie mazoezi kwa mdomo, maana kwenye karatasi halionekani.

Pili, usirudishe kila kitu. Ukirudia kila sentensi utakuwa kasuku, na watu wanajua wanapochezewa. Chagua neno moja lenye uzito. Mara nyingi ni lile alilolisema kwa sauti ya chini, au la mwisho kabla hajanyamaza.

Tatu, maneno ya mwili ni maneno ya kweli. Watu wetu hawaji wakasema "nina mfadhaiko". Wanasema "niko na mawazo mingi", "moyo inaruka", "kichwa inajaa", "siko nalala". "Mawazo" hapa ni mzigo unaomzuia kula na kulala, na ukimuuliza "Unawaza nini?" unaweza kupata jibu la bei ya unga. Rudisha: "Mawazo ni mingi." Halafu ngoja. Lakini kama moyo unaruka, mpeleke pia kwa muuguzi apimwe presha, usiamue mwenyewe kwamba ni uchungu tu.

Nne, jihadhari na "ndiyo". Kwetu mtu mdogo hambishii mkubwa, na mgeni hambishii aliyempa kiti. "Ndiyo" ya heshima ni fupi, na baada yake kimya kinafunga. Ukiwa umeshika neno lake sawasawa, "ndiyo" inakuja na sentensi nyingine nyuma yake: "Ndiyo, na tena..." Nikisikia "ndiyo" tatu kavu mfululizo, nasema wazi: "Mama, naona sijakuelewa vizuri. Unisahihishe."

Tano, "pole". Lazima useme, la sivyo utaonekana huna utu. Iseme mara moja, na uiseme alipomaliza kipande cha habari yake. "Pole sana, pole sana" katikati ya sentensi inamwambia inatosha, mama, acha.

Sita, lugha. Jambo likiwa zito, wengi wanahama: anatoka kwenye Kiswahili anaingia kwenye Mashi, Kirega au Kifuliiru. Mwache ahame. Kama hufahamu, mwombe akuachie neno lile lile na akueleze, halafu litumie hivyo hivyo hata ukilitamka vibaya. Ukihitaji mkalimani, kamwe asiwe mtoto wake, shemeji wala jirani. Na mkalimani aambiwe mapema: asitengeneze, asifupishe, akisikia methali ailete kama methali.

Zoezi ninalolipendelea kuliko yote: wawili wawili, dakika 5. Mmoja anaeleza jambo dogo la kweli lililomuudhi wiki hii. Mwingine haruhusiwi kuuliza hata swali moja, anarudisha maneno tu. Dakika mbili za kwanza ni taabu. Wapya wote niliowafundisha waliuliza swali kabla ya dakika ya pili kuisha, na mimi pia nilifanya hivyo.

Hatua ya 5: Kimya na machozi

Hesabu pumzi zako, hadi kumi, kabla ya kujaza kimya. Kitambaa kiwe karibu na mkono wake ajichukulie mwenyewe. Ukimkabidhi anaelewa kwamba afute. Usimshinikize aeleze tukio lote siku ya kwanza ili "litoke". OMS, Shirika la Afya Duniani, halipendekezi kikao kimoja cha kumfanya mtu asimulie kila kitu mara tu baada ya janga. Atasema kiasi anachoweza kurudi nacho nyumbani.

Hatua ya 6: Kukusanya

Kila dakika 15 hivi, sentensi mbili tatu: "Nimesikia hiki, na hiki. Nimesahau nini?"

Hatua ya 7: Mambo yasiyongoja

Kama kuna dalili yoyote ya kukata tamaa, uliza wazi, ukilitaja jambo lenyewe: "Mtu akibeba mzigo kama huu, mara nyingine anafikiri afadhali afe. Wewe, unafikiria kujiua?" Wapya wanaogopa kwamba kuuliza kutampandia wazo. Hakumpandii. Wengi hushusha pumzi ndefu kwa sababu hatimaye mtu amelitaja. Akisema ndiyo, uliza kama ameshapanga namna na wakati. Usimwache peke yake. Tafuteni pamoja mtu anayemwamini akae naye, kitu alichokusudia kukitumia kiondolewe karibu naye, na umfikishe kwa daktari siku hiyohiyo.

La pili: akisema amebakwa, jambo la kwanza la kujua ni lini. Dawa za kuzuia VIH, virusi vya UKIMWI, zinaanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyokinga vizuri. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, nazo pia mapema ni bora. Ukisikia "jana" au "juzi", mweleze hayo, na akikubali, msindikize kwenye matibabu kabla ya kuendelea na habari. Habari inaweza kungoja wiki nzima. Nenda naye kwa miguu yako. Karatasi ya kumtuma peke yake mara nyingi inabaki mfukoni. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inaweka pamoja matibabu, msaada wa kisaikolojia, wa sheria na wa kurudi kwenye maisha. Hata kama kituo chako ni chumba kimoja, fuata mfano huo kwa kadiri unavyoweza: kwa ruhusa yake, eleza wewe kwa muuguzi yale ya lazima, ili asirudie habari ileile mbele ya watu wanne.

Hatua ya 8: Ushauri, kama upo

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika kazi hii anaulizwa. William Miller na Stephen Rollnick, walioeneza njia ya mahojiano ya kumtia mtu hamasa ya kubadilika, wanafundisha kuuliza kwanza mtu anajua nini tayari, kuomba ruhusa, kumpa habari kidogo, kisha kumuuliza anaionaje. Kwa Kiswahili chetu: "Umeshajaribu nini, mama? ... Naweza kukuambia kitu ambacho kimesaidia wengine? ... Wewe unakionaje?" Yule mjane sikumpa ushauri wowote juu ya shamba. Nilimuuliza mlango wa kwanza angeuweka wapi. Alisema: kwenye chumba cha watoto. Jioni ile alimwambia mama mkwe kwamba watoto watalala kwake. Shamba lilikuja baadaye, akiwa na mwanasheria.

Hatua ya 9: Kaye (daftari)

Usiandike mbele yake, isipokuwa namba au tarehe ambayo mmekubaliana uiandike. Sipendi vishkwambi wala kurekodi sauti. Kaye ya shule inatosha. Akishatoka, kaa dakika 10 uandike maneno yake kama alivyoyasema, yakiwa na sarufi yake. Usiandike "hajisikii salama". Andika "nyumba bila mlango". Ndani ya kaye weka namba tu. Orodha ya majina ikae kwenye sanduku lingine, na ufunguo wake kwa mtu mwingine.

Na tarehe ya kurudi: mwandikie kwenye kipande cha karatasi kisicho na muhuri wala jina la kituo, maana karatasi hiyo itaonwa nyumbani. Muulize kwanza kama anaitaka. Wengine wanapendelea kuishika kichwani.