Skijoringi na haski kwenye theluji ngumu: mwongozo kwa tuliohamia kaskazini

Kama unaishi Norwei, Uswidi au Ufini na umeshaanza kuzoea ski, usizifungie stoo mwezi wa tatu ukifika. Huu ndio wakati mtamu kuliko wote wa skijoringi, yaani kuteleza kwa ski huku mbwa, kama haski (aina ya mbwa wa kuvuta sleji), akikuvuta kwa kamba iliyofungwa kiunoni mwako. Jua la mchana huyeyusha theluji ya juu, usiku usio na mawingu huigandisha tena, na siku chache za namna hiyo hujenga ganda linalombeba mtu na mbwa wake. Hapo huhitaji njia iliyotengenezwa na mashine. Unapita juu ya vinamasi na vichaka vilivyofunikwa, kokote macho yanakokuelekeza.

Ganda hilo lina saa zake. Mara nyingi huwa imara tangu alfajiri hadi saa tatu au saa nne asubuhi, kisha jua likikolea linalegea. Kwa hiyo panga kwanza saa ya kurudi, ndipo upange saa ya kutoka. Kipimo ni mguu wa mbwa, si ski yako. Ski ndefu inatawanya uzito wako, hivyo unaweza kuendelea kuteleza vizuri wakati mwenzako mbele anatumbukia kila hatua na kujichubua miguu kwenye kingo za ganda. Haski hatakuambia muda umekwisha. Ataendelea kuvuta tu, na uamuzi ni wako. Kama usiku ulikuwa wa mawingu na baridi haikushuka chini ya sifuri, lala.

Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kuvutwa. Haski wa Siberia ana kilo 16 hadi 27 hivi, lakini juu ya ganda hakuna kinachomzuia, na kasi yake itakushangaza. Ski zinazotumika hazina kingo za chuma, kwa sababu kingo hizo zinaweza kumkata mbwa mkigongana. Maana yake breki yako ni dhaifu: unakutanisha ncha za mbele, unatanua visigino, na theluji ngumu haikupi pa kushika. Anza na mbwa mmoja, mahali tambarare, na ikiwezekana mwanzo wa njia uwe wa kupanda, maana dakika za kwanza ndizo mbwa ana wazimu wa kukimbia. Mambo yakiharibika, kaa chini kwa ubavu mapema.

Vifaa ni vichache, ila visiwe vya kubahatisha. Mkanda wa kiunoni uwe mpana, wenye vitanzi vya mapajani ili usipande mgongoni. Ndoana yake ifunguke kwa mvuto mmoja hata ukiwa na glavu na kamba imekaza. Kamba iwe na sehemu ya mpira, urefu wa mita mbili na nusu au zaidi. Mbwa avae hanesi, yaani mikanda ya kuvutia mzigo inayokaa kifuani. Kumfunga kwa kola ya shingoni ni kumkaba. Kuhusu amri, kulia na kushoto zinaanza kwa sauti moja, na mbwa anayekimbia hushika sauti ya kwanza, kwa hiyo chagua maneno mengine yasiyofanana.

Miguu ya mbwa ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Ganda la alfajiri ni kali kama msasa. Mvalishe viatu vya kitambaa, visibane, na uvivue mkipumzika ili damu izunguke. Simama mara kwa mara, inua mguu mmoja mmoja, tenganisha vidole na uangalie ngozi ya katikati, maana ndiyo hupasuka kwanza.

Joto nalo linamchosha haraka kuliko wewe. Kamba ikianza kulegea, ulimi ukiwa mpana na mbwa akila theluji kila hatua, geuza. Mpe maji kabla ya kutoka, lakini asile mlo mkubwa muda mfupi kabla au baada ya mbio: tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hiyo ni dharura ya daktari wa mifugo.

Wewe mwenyewe, ngozi nyeusi isikudanganye. Theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno (UV), inakupiga hadi chini ya kidevu. Macho yakiungua utajua saa kadhaa baadaye, yakiwasha kama yana mchanga. Miwani ni lazima.

Sheria pia zinabadilika majira haya. Norwei inataka mbwa wafungwe kamba kuanzia 1 Aprili hadi 20 Agosti, Ufini kuanzia 1 Machi hadi 19 Agosti, ili wanyama wanaozaa wasisumbuliwe. Akiwa kwenye mkanda wako hamna shida. Hatari ni pale unapofyatua ndoana naye ameshaona kulungu. Njia nyingi za ski zilizotengenezwa haziruhusu mbwa, kwa hiyo soma vibao.

Maziwa yaogope. Sentimita 10 za barafu ngumu na safi humbeba mtu, lakini barafu ya majira ya kuchipua huoza ingali nene. Kaa mbali na midomo ya mito, mikondo myembamba na kando ya matete. Vishikio vyenye ncha za chuma vya kujivutia utokapo majini vivae shingoni. Vikiwa ndani ya begi mgongoni hutavifikia.