Mtoto ana usonji au ADHD na uko Dar? Anzia hapa

Kama mtoto kafika miaka mitatu, minne, hasemi au anarudia matangazo ya tivii tu (huenda ni usonji, yaani autism, ubongo unaokua tofauti kwenye kuongea na kuchangamana), au ni yule wa la pili asiyekaa kwenye dawati na daftari zima limejaa wino mwekundu (huenda ni ADHD, shida ya kutulia na kuzingatia), fimbo weka pembeni. Kuombewa kaombewe, ila asubuhi yake uwe hospitali. Amana, Temeke, Mwananyamala, yoyote iliyo karibu, na waambie waanze kupima masikio maana asiyesikia vizuri na mwenye usonji wote unaweza kuwaita wasigeuke. Hapo ndo unaomba rufaa ya Muhimbili. Halafu nenda na video kwenye simu, kwa sababu mbele ya daktari mtoto anaweza kutulia tuli mpaka uonekane unamsingizia.

Ukisubiri tarehe ya kliniki usikae bure, nyumbani kuna kazi. Ya kwanza na mimi naona inazidi zote ni ratiba ya picha. Piga picha mswaki WAKE, sahani yake, yunifomu yake, bajaji inayomchukua, peleka steshenari waziprinti, bandika kwa mpangilio kwenye kipande cha boksi, kisha chukua kibanio cha nguo kiwe kinashuka picha moja moja kila kitu kikiisha. Za katuni za kudownload achana nazo mwanzoni, wapo watoto hawaunganishi mswaki wa katuni na ule wa bafuni kwao. Siku maji yamekatika, geuza ile picha ya kuoga mbele yake kabla hajavua nguo, utajiokolea kelele za saa nzima.

Akiwa anaziba masikio kwenye daladala au spika za harusi mtaani, tafuta Kariakoo vile vizuia sauti wanavyovaa mafundi wa grinda, sio lazima vya kuagiza nje. Na dada wa kazi na bibi nao waelekezwe, maana wewe ukisema "vaa kiatu" basi, mwingine anamwaga hotuba, mtoto anachanganyikiwa. Ukitaka kujifunza zaidi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wana mafunzo ya walezi mtandaoni, bure, yametengenezwa kwa wenye watoto wa miaka 2 mpaka 9.

Shule sasa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, kwahiyo mwalimu mkuu akikwambia "hapa hatuwezi" usiondoke kinyonge, nenda manispaa kwa afisa elimu maalum akuelekeze. Msimbazi Mseto kuna kitengo cha usonji, zipo pia Sinza Maalum na Uhuru Mchanganyiko. Ila nenda mwenyewe ukaangalie, kaa nyuma ya darasa kidogo, ulizia nani anawapeleka chooni.

Wa ADHD au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) wengi watabaki darasa la kawaida lenye wanafunzi kibao, na mwalimu hana mda wa kusoma ripoti ya kurasa kumi. Mwandikie karatasi MOJA: anapenda nini, nini kinamvuruga, akivurugika afanyiweje. Mfano: "Akianza kutikisa miguu mtume chaki ofisini, akirudi anaandika." Omba vitu vidogo, akae mbele mbali na dirisha, maelekezo apewe moja moja, asisomeshwe kwa sauti mbele ya wenzie bila kujiandaa. Ya mitihani waulize mapema kabla ya usajili, NECTA (Baraza la Mitihani) huwa wanaongeza muda kwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine, lakini lazima shule iwe imepeleka taarifa zake.

Anayeuziwa dawa ya "kuponya usonji" ajue anapigwa, dawa hiyo haipo. Za ADHD zipo, ila anaandika daktari bingwa na yeye ndo anafuatilia.

Na kama wako ni mtoro wa kutembea, namba ya simu shonea ndani ya kola ya kila shati, kwa uzi, na majirani, wa duka na bodaboda wa kijiweni wote wamjue kwa sura.